OpenSSH 9.2 ya Debian 12 si lazima iwe na tundu

Ndugu, umeuliza kama upakue OpenSSH 9.8 (programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) uijenge mwenyewe, maana Debian 12, mfumo endeshi wa seva yako, imeng'ang'ania 9.2 na lile tundu la usalama liitwalo regreSSHion la Julai 2024 lilizibwa kwenye 9.8. Usifanye hivyo.

Namba ya mbele inakupotosha. Andika apt policy openssh-server (apt ndiyo programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha vifurushi), kisha soma mkia wa namba ya toleo ulilonalo, kwa mfano 1:9.2p1-2+deb12u3. Hiyo deb12u3 ndiyo yenye kiraka. Watu wa Debian huchukua rekebisho la usalama peke yake na kulishonea kwenye toleo lile lile la zamani, ili mipangilio yako isivurugike. Ukiona u3 au zaidi, tundu hilo limezibwa. Ukiona u2, hakikisha kwanza mstari wa bookworm-security (hazina ya viraka vya usalama; bookworm ni jina la Debian 12) umo kwenye sources.list, yaani orodha ya hazina ambazo apt huchukulia vifurushi, ndipo upige apt update na apt upgrade, leo hii. Nimeshakuta seva ambayo mstari huo ulifutwa, na mwenyewe alikuwa na uhakika kabisa kwamba anapata viraka.

Ukijijengea 9.8, kuanzia siku hiyo kila kiraka ni mzigo wako, apt haitakukumbusha.

Kama kuna programu nyingine unayoihitaji mpya kwa ajili ya kazi, itafute kwanza bookworm-backports, hazina ya matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa ajili ya Debian 12. Na tafadhali, usichanganye vifurushi vya sid (tawi la Debian la majaribio, lisilo thabiti) kwenye Debian 12 yako: vinaweza kuivuta libc mpya, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu inaitegemea, na kuirudisha nyuma ni balaa.