Mgonjwa Anapouliza, Muuguzi Ajibu Nini?

Swali: Watoto wa mama mmoja aliyelazwa kwetu wametusihi tusimwambie kuwa ana saratani, lakini kila ninapobadilisha dripu yeye huniuliza anaumwa nini. Nimjibuje? (Muuguzi, Moshi)

Jibu: Kutoa majibu ya kipimo kama hicho ni kazi ya daktari, kwa hiyo usijitwike mzigo huo peke yako, ila kumdanganya mgonjwa si kazi ya yeyote. Siwalaumu watoto hao, kwani katika familia nyingi za Kichaga habari nzito hupitia kwanza kwa wakubwa, na nia yao ni kumkinga mama yao asikate tamaa. Hata hivyo, mwili unaoumwa ni wake. Mwulize kwa upole: "Mama, ungependa kuelezwa kila kitu, au tuzungumze kwanza na mwanao?" Akimtaja mwanawe, huo ni uamuzi wake na uheshimiwe, akitaka kuelezwa mwenyewe, mjulishe daktari kabla ya raundi, uwaite watoto wawepo, na uandike kwenye faili maneno aliyoyasema. Nimeona zaidi ya mara moja mgonjwa ambaye naye alikuwa akiwaficha watoto kwamba anajua.

Swali: Usiku nabaki peke yangu katika wodi ya watoto. Juzi mtoto aliyestahili kupimwa joto na mapigo kila saa nilimfikia mara mbili tu. Alipona, lakini usingizi umenipotea. (Muuguzi, Arusha)

Jibu: Hapa hakuna mtanziko, mdogo wangu. Mtanziko ni pale kila njia inapokuwa na haki yake, kama kwa mwenzako wa Moshi. Wewe uliijua njia iliyo sahihi, ukakosa mikono ya kuifuata. Mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, aliieleza hali hii mwaka 1984 katika kitabu chake kuhusu maadili ya uuguzi, nasi tunaweza kuiita dhiki ya kimaadili. Tofauti hiyo si ya wasomi tu, kwa sababu anayedhani amekosa hujificha, ilhali aliyezuiwa anapaswa kusema. Unapopokea zamu, mweleze msimamizi wa usiku idadi ya wagonjwa na wale walio mahututi kabla jambo halijaharibika. Asubuhi, andika kwenye daftari la ripoti kilichofanyika, kisichofanyika na sababu yake. Usijaze chati kwa vipimo ambavyo hukuvichukua, hata kama wenzako hufanya hivyo. Mimi nilifanya hivyo nikiwa mgeni kazini, na chati ile safi ndiyo iliyomfanya msimamizi aamini kwamba muuguzi mmoja anatosha.

Swali: Mzee mmoja wa Machame, wiki moja baada ya kuruhusiwa, ameniletea mkungu wa ndizi. Nipokee? (Muuguzi, Moshi)

Jibu: Pokea, mshukuru, na mgawane na wenzako wa wodi. Ingekuwa bahasha, au mkungu huo ungefika kabla mzee hajapata kitanda, jibu langu lingekuwa jingine.