Ukitaka kumjua James Mbotela, anzia Kengeleni

Wakristo wengi hapa Mombasa husoma vitabu vya wahubiri wa Marekani na Nigeria, vile vinavyouzwa mlangoni baada ya ibada. Sina ugomvi navyo. Lakini ng'ambo ya daraja la Nyali, Freretown, tulikuwa na mwandishi Mkristo wetu wenyewe: James Mbotela, mtunzi wa Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Ni kitabu chembamba. Mimi nilikiazima kwa mwalimu mstaafu, maana nakala zake ni adimu.

Ushauri wangu ni huu: usianze na kitabu. Shuka Kengeleni kwanza, palepale Freretown, uitazame ile kengele tunayoipita kila siku kwenye matatu bila kugeuza shingo. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walianzisha kijiji hapo katika miaka ya 1870, wakakiita kwa jina la Bartle Frere, afisa Mwingereza aliyepinga biashara ya utumwa, wakawaweka humo watumwa waliookolewa majahazini na manowari za Waingereza. Wengine walikuwa Waafrika waliokombolewa waliokuja kutoka India, walikosomeshwa na misheni mjini Nasik. Kengele ilikuwa ya kuwatahadharisha watu wanapovamiwa. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa. Ukishasimama pale, utaelewa kwa nini kitabu kimejaa shukrani.

Shukrani hiyo ndiyo itakayokukera. Mwingereza anasifiwa kama mkombozi aliyetumwa na Mungu, na kumbuka kitabu kinatoka wakati Mwingereza huyo huyo anamvisha Mwafrika kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni na kumtoza kodi ya kibanda. Wahakiki wamemsuta Mbotela kwa hilo, na wana haki. Hata hivyo mimi simtupi. Mtu ambaye baba yake alifunguliwa minyororo hawezi kuandika kuhusu mfunguaji kama nitakavyoandika mimi niliyezaliwa huru. Soma mara ya kwanza umsikilize; mara ya pili ndipo ubishane naye.

Tena usibishane peke yako. Waarabu wanabeba lawama nzito kitabuni, na katika mji huu, ambapo kanisa na msikiti vinagusana kuta, hilo si jambo la kusoma ukiwa umejifungia chumbani. Mimi nilikizungumza barazani na jirani yangu Mwislamu, kahawa mkononi. Hakuukana utumwa. Aliniuliza tu: mbona Wafaransa walionunua watu Kilwa kwa mashamba yao ya Mauritius na Réunion hatuwataji? Sikuwa na jibu, nikaenda kutafuta, nikakuta ni kweli. Mazungumzo yale yalinifaa kuliko utangulizi wowote wa msomi.

Ukimaliza, panda gari uende Rabai, kwenye makumbusho yaliyo katika kanisa la zamani la misheni iliyoanzishwa na wamisionari Wajerumani Krapf na Rebmann mwaka 1846. Huko nako walikimbilia watumwa watoro, kwa miguu yao, bila kungoja manowari ya mtu. Waweke hao kando ya Mbotela unapomsoma.