Kwa Nini Mhusika Mdogo Hutuganda Moyoni?

SWALI: Kwako Mhariri, nimeisoma riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora mara tatu, mara ya kwanza shuleni na mara mbili ndani ya matatu nikielekea kazini. Amani na Imani nawahurumia sana, lakini ninayemngoja kila nifunguapo kitabu ni Matuko Weye. Mbona mtu anayejitokeza mara chache hivyo ananivutia kuliko wale waliobeba hadithi?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, mwandishi hana budi kutueleza Amani katoka wapi, anatafuta nini na nani kamdhulumu, kwa kuwa msuko mzima unamtegemea. Matuko Weye hana deni hilo. Ni askari wa zamani ambaye watu wa Sokomoko humwona mwendawazimu, na kwa kuwa jina hilo ameshapewa, humsema Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko, hadharani kwa maneno ambayo wenye akili zao wangeyanong'ona tu. Kisha anatoweka, nawe unabaki kumwazia hadi atakaporudi. Sehemu kubwa ya Matuko Weye unayempenda umeiumba wewe mwenyewe, na ndiyo maana hakutoki.

Shuleni tulifundishwa kuwagawa wahusika kuwa bapa, wenye sifa moja wasiobadilika, na duara, wenye sifa nyingi wanaobadilika, mgawanyo alioueleza mwandishi Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, na wengi wetu tukatoka darasani tukidhani kuwa bapa ni kasoro. Naliona hilo kuwa kosa, kwani Forster mwenyewe alikiri kwamba mhusika bapa hutambulika mara tu aingiapo na hukumbukwa kwa urahisi baadaye.

Hata hivyo, si kila mhusika mdogo hukumbukwa. Mtumishi anayeingia kuleta chai na kutoka husahaulika kabla chai haijapoa. Anayebaki ni yule aliyekuwa na safari yake kabla hadithi haijamkumba. Mfano ninaourudia mara nyingi ni Cinna, mshairi katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, mtawala wa Roma ya kale, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1963. Mshairi huyu ana onyesho moja fupi tu. Ameota kwamba anakula karamu na Kaizari, hana hamu ya kutoka nyumbani, lakini kuna kitu kinamvuta nje, naye anashika njia kwenda kwenye mazishi ya Kaizari, ambaye ameuawa. Umati uliochochewa na hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, unamzingira na kumuuliza jina lake, aendako, akaako, na kama ana mke. Kwa bahati mbaya ana jina moja na mmoja wa waliomuua Kaizari. Anapopiga kelele kwamba yeye ni mshairi tu, wanajibu kwamba basi na auawe kwa mashairi yake mabaya. Yeyote aliyewahi kuona umati ukimzingira mshukiwa kando ya barabara hapa Nairobi anaijua hofu ile, na katika mistari hiyo michache anaelewa hasira ya Roma kuliko hotuba yoyote ingeweza kumweleza.

Utakapoirudia riwaya yako mara ya nne, usimsikilize Matuko Weye peke yake. Watazame waliosimama karibu naye anaposema, uone ni nani anayecheka na ni nani anayeinamisha macho.