Maswali ya Wasomaji: Hifadhidata Huria kwa Chama cha Korosho

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Masasi, mkoani Mtwara. Mkulima anapofikisha korosho ghalani tunaingiza uzito wake kwenye kompyuta, na malipo yake hufuata rekodi hiyo. Tunataka kuhamia hifadhidata huria kwa seva mbili, moja hapa Masasi na nyingine Mtwara mjini. Fundi wetu anapendekeza MariaDB, programu huria ya hifadhidata, yenye Galera, nyongeza inayozifanya seva zote zishike data zilezile kwa pamoja, na anasema kwa mpangilio huo hatutahitaji tena nakala za akiba. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, pendekezo lake la kwanza linajadilika, lakini la pili ninawaomba mlikatae kabisa. Seva ya pili huokoa huduma pale ya kwanza inapoharibika. Haiokoi kumbukumbu pale mtu anapokosea. Karani akifuta kwa bahati mbaya mapokezi ya ghala zima, amri hiyo hufika Mtwara mjini ndani ya muda mfupi, na rekodi za wakulima zinakuwa zimepotea kotekote. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi mtandaoni kazi za waandishi wa programu, alifuta kimakosa data za seva kuu, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba nakala za kila siku hazikuwapo, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata na tahadhari za barua pepe hazikumfikia mtu yeyote. Walipoteza data za takriban saa sita, nao walikuwa na seva zaidi ya moja.

Galera ni kazi nzuri, ila huamua mambo kwa akidi, yaani zaidi ya nusu ya seva lazima ziwe zinawasiliana. Seva zikiwa mbili tu na mawasiliano baina yake yakakatika, hakuna upande wenye zaidi ya nusu, kwa hiyo zote mbili hukataa kupokea data mpaka mtu aingilie kati. Mtahitaji seva ya tatu, au walau programu ndogo ya usuluhishi katika kituo cha tatu. Tena kila muamala husubiri mawasiliano na seva nyingine kabla ya kuthibitishwa, na hivyo ubovu wa intaneti unakuwa foleni ghalani. Mnakumbuka Mei 2024: nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mwezi huohuo mafuriko ya kimbunga Hidaya yakakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi. Mfumo wa Kusini upimwe kwa siku za namna hiyo.

Kwa hali yenu ningechagua PostgreSQL, hifadhidata nyingine huria, seva kuu ikiwa Masasi na ya Mtwara mjini ikipokea mabadiliko bila kuichelewesha, uwezo uliomo ndani yake tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010. Mkikubali uwezekano wa kupoteza miamala ya mwisho ambayo haijafika Mtwara, kazi itaendelea hata mtandao ukikatika. PostgreSQL haihamishi huduma yenyewe. Mtu mwenye dhamana na maelekezo yaliyoandikwa atafanya hivyo, baada ya kuhakikisha kwamba seva ya zamani imezimwa, ili zisiwepo seva kuu mbili zinazopokea mizigo tofauti.

Kwa nakala za akiba, programu ya Barman huhifadhi nakala kamili pamoja na mfululizo wa mabadiliko, hivyo mnaweza kurudi hadi dakika moja kabla ya karani kufuta. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: mahali pa kuhifadhia mfululizo huo pasipofikika, PostgreSQL hulimbikiza mafaili ya megabaiti 16 kila moja hadi diski ijae na huduma isimame. Yapelekeni kwanza kwenye kompyuta nyingine hapohapo ofisini, kisha nje ya Masasi mtandao unaporuhusu.

Kama fundi wenu ameibobea MariaDB, bakini nayo, kwa unakilishaji wa kawaida, yaani seva kuu moja na nyingine inayopokea mabadiliko bila kuichelewesha, na programu yake ya nakala za akiba ya mariadb-backup, kwani ujuzi wa anayeamshwa usiku una uzito kuliko jina la hifadhidata. Lakini kabla minada ya Oktoba haijaanza, mwambieni arejeshe nakala kwenye kompyuta tupu mbele ya bodi, kisha mlinganishe jumla ya kilo za ghala moja na stakabadhi za karatasi.