Mwanga umehama au umesogea?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Nkuhungu, Dodoma. Kijana wangu yuko chuoni na ameniomba nimwandikie kichwa cha mradi wake kwa Kiswahili. Nimeandika: "Kudhibiti mwanga unaohama kutegemeana na mzunguko wake katika miundo iliyosanifiwa." Mwenzangu anayefundisha Kiswahili anasema kina makosa, ila hasemi ni yapi. Kiko sawa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwenzako kasema kweli, ingawa angekuonyesha.

Tuanze na "kuhama". Wewe ni mtu wa Dodoma, umeona Serikali ikihama: virago, mafaili, familia, kodi ya nyumba kupanda. Anayehama huacha makao. Sasa tazama mwanga wa kijana wako. Unapoingia kwenye kioo kwa mshazari, fotoni (chembe za mwanga) za mkono wa kulia hujisogeza upande mmoja, za mkono wa kushoto upande wa pili. Kwenye kioo cha kawaida umbali huo ni sehemu tu ya urefu wa wimbi, na wimbi la mwanga tunaouona halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Onur Hosten na Paul Kwiat, waliolipima jambo hili Marekani na kutangaza matokeo mwaka 2008, walihitaji mbinu yenye uwezo wa kutambua tofauti ya takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita. Ni kama konda anapokwambia "sogea kidogo, mama akae". Umesogea, hukuhama.

Najua wapo watakaopendekeza "mchepuko". Kisarufi halina kasoro, lakini jaribu kulitamka mbele ya kidato cha tatu uone kama kipindi kitaendelea.

Neno gumu hapa ni "mzunguko". Mtoto akirusha pia ikasimama vumbini, tunasema inazunguka. Bodaboda akizunguka kiplefti, naye anazunguka. Kiswahili kimetosheka na kitenzi kimoja, na mitaani hakuna anayepotea. Kwenye mradi huu mtapotea. Mwanga una spini, ambayo kwa kulinganisha tu ni ile ya pia (ndiyo inayotofautisha fotoni za mkono wa kulia na za kushoto), na unaweza pia (hii pia nyingine!) kuwa na mzunguko wa njia, ule wa bodaboda. Kusogea tunakokuzungumzia kunatokana na hivyo viwili kushikana: spini na njia ya mwanga. Ukiviita vyote "mzunguko", utajikuta unaandika "mwingiliano wa mzunguko na mzunguko". Andika "spini", umwachie bodaboda mzunguko wake. Tumeshazoea "atomu" na "elektroni", hili halitatuua.

"Kutegemeana" nalo lina kiambishi -an-, maana yake huyu anamtegemea yule na yule anamtegemea huyu, kama mkulima na dalali wa zabibu. Hapa utegemezi ni wa upande mmoja: spini ndiyo inayoamua mwanga usogee wapi. Tumia "kulingana na". Ukitaka "kutegemea", usiiongezee "na".

"Kudhibiti" si kosa, ila linanukia magendo na mafuriko. Ni kuzuia kisizidi. Watafiti hawa mara nyingi wanataka kizidi. Hupanga juu ya kioo safu za nguzo kama za shamba la zabibu, ila kila nguzo ni ndogo kuliko wimbi lenyewe na imegeuzwa pembe kidogo kuliko jirani yake. Mwanga ukipita hapo, spini mbili hutengana waziwazi, na kila moja huenda upande wake. Huko ni kuongoza.

"Miundo iliyosanifiwa" iache kama ilivyo.

Usije ukaandika "msogeo wa mwanga unaotegemea spini". Msogeo ni u-, mwanga ni u-. Msomaji hatajua kinachotegemea ni kipi. Rudisha kitenzi mahali pake:

"Kuongoza jinsi mwanga unavyosogea kulingana na spini yake katika miundo iliyosanifiwa."