Jibu: Akaunti ya wateja haikubaliani na leja

Salaam wakili mwenzangu. Umesema salio la benki la akaunti ya wateja (akaunti unayotunzia fedha za wateja) linazidi jumla ya leja za wateja (vitabu vya hesabu ya kila mteja) kwa 5,400, na umepitia mwezi mzima bila kuona kosa.

Anza na hundi ulizoandika ambazo bado hazijapita benki. Zitoe kwenye salio la benki kwanza. Kisha tazama ada: kiasi cha ankara yako kikishatolewa kwenye leja ya mteja lakini fedha hazijahamishiwa akaunti ya ofisi, benki itaonekana imezidi.

Tofauti ikibaki ileile, igawanye kwa 9. Hiyo yako inagawanyika bila baki, jambo linaloashiria tarakimu zilizobadilishana nafasi: mapokezi ya 8,200 yakiandikwa 2,800, pengo ni 5,400 kamili. Igawanye pia kwa 2, utafute 2,700 iliyopokelewa ikaingizwa upande wa malipo.

Tafadhali usiweke kiasi hicho kwenye leja ya muda (ya kuegesha kiasi ambacho chanzo chake hakijajulikana) ili hesabu zifunge. Fedha hizo zina mwenyewe.

Hata jumla zikikubaliana, pitia salio la kila mteja peke yake. Leja moja ikisoma hasi, umelipa kwa fedha za mteja mwingine, mara nyingi kwa sababu malipo yalitoka kabla hundi ya mteja haijaiva, yaani fedha zake hazijaingia benki. Fidia upungufu kutoka akaunti ya ofisi siku hiyohiyo, uandike maelezo, halafu ndipo utafute chanzo.