Ukitoka Jukwaani Kwenda Mbele ya Kamera

Nilijifunza kuigiza Bagamoyo, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba aliyezoea kufikisha sauti hadi safu ya mwisho bila kipaza sauti hatababaishwa na kamera. Siku yangu ya kwanza ya kurekodi filamu nilipaswa kupokea habari za msiba kwa simu. Nikalia kama nilivyozoea kulia jukwaani, mabega yakitikisika, mkono kichwani. Mwongozaji alisimamisha kazi, akanionyesha picha, kisha akaniomba nirudie nikiwa nimeshika simu tu na kupumua. Nilipojitahidi kuyazuia machozi, ndipo yaliponitoka.

Jukwaani unaipeleka hisia hadi alipoketi mtazamaji. Kamera hukufuata yenyewe mpaka kwenye ukope. Hata hivyo, nawasihi vijana wasilikimbie jukwaa, kwa maana pumzi, kukariri maneno na kumsikiliza mwenzako kwa dhati hujengwa pale. Marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alianzia jukwaani miaka mingi kabla ya filamu kumpa jina, na ukimtazama kwa makini utaona jinsi alivyojua mahali pa kunyamaza.

Ugumu mwingine ni kwamba filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, hivyo unaweza kumzika mumeo asubuhi na kuolewa naye jioni. Mimi hubeba daftari na kuandika, kwa kila tukio, mhusika ametoka wapi na anajua nini kufikia hapo, hata kama amepanda ngazi na anahema.

Kuhusu malipo nitasema kwa uchungu. Onyesho la jukwaani huisha taa zinapozimwa, lakini filamu huendelea kuuzwa. Niliwahi kusaini mkataba wa nusu ukurasa, nikalipwa kwa mkupuo, na kazi ile inarushwa hadi leo bila mimi kupata chochote. Kabla ya kusaini, uliza haki za kuonyesha ni za miaka mingapi, kama zinahusu televisheni pekee au na intaneti, na utapata nini filamu ikiuzwa tena. Omba siku mbili ili mwanasheria ausome mkataba wako, na ukinyimwa siku hizo, usisaini.